Yai wima na mchana unaozidi usiku: jibu kwa dada wa Minnesota

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, sasa naishi Minneapolis, Marekani. Ofisini kwetu kuna ubao ambao kila asubuhi huandikwa swali moja la chemsha bongo, kichekesho na neno la siku. Tarehe 20 Machi, siku wanayosema machipuko yameanza, swali lilikuwa: "Leo mchana na usiku vinalingana sawasawa. Kweli au si kweli?" Niliangalia simu, ikaonyesha jua linachomoza saa 1:16 asubuhi na kuzama saa 1:25 jioni, nikajibu "si kweli". Nikapewa sifuri, na wakacheka. Mchana wakaleta trei la mayai, wakidai ni siku hii tu ambayo yai hukubali kusimama wima. Moja lilisimama kweli, nimeliona kwa macho yangu. Jioni mwanangu akaniuliza kama Tanga kuna siku kama hii, nikakosa la kumwambia. Nisaidie, na kama una fumbo la kuwalipizia, nipe.

Jibu:

Marahaba, dada yangu.

Tuanze na pointi yako, maana naona ndiyo iliyokukaa rohoni. Ulipata. Aliyeandaa kadi ya majibu alinakili sentensi iliyomo kwenye vitabu vingi vya shule, sentensi ya kuwarahisishia watoto, kisha akaisahihishia watu wazima.

Siku ile huitwa siku ya ikwinoksi, ila ikwinoksi yenyewe ni kitambo kimoja tu, wala haichukui siku nzima. Ni pale katikati ya jua inapovuka ikweta: Machi likitoka kusini kwenda kaskazini, Septemba likirudi. Kama jua lingekuwa nukta, na dunia isingekuwa na hewa, siku hiyo mchana na usiku vingegawana saa 24 nusu kwa nusu. Lakini jua ni pana, na hewa tunayo. Mchana huanza kuhesabiwa ukingo wa juu wa jua unapochungulia asubuhi, na hukoma ukingo huohuo unapopotea jioni, kwa hiyo tayari mchana umeongezewa kidogo kila upande. Juu ya hapo, hewa hupinda mwanga na kuliinua jua machoni petu kwa kiasi kinachozidi kidogo upana wa jua lenyewe. Unapakumbuka Raskazone, kule ufukweni Tanga, alfajiri? Ukiona jua zima limekaa juu ya mstari wa bahari, jua lenyewe wakati huo bado liko chini ya mstari. Unachokiona ni taswira yake tu, imetangulia.

Kwenye ikweta nyongeza hizo zinafika karibu dakika saba kwa siku. Huko kwenu jua hupanda kwa mshazari, linachelewa kuukata upeo wa macho, hivyo dakika zinafika tisa na kitu. Toa saa 1:16 kutoka saa 1:25 upande wa pili wa siku: saa 12 na dakika 9. Simu yako haikukosea, na wewe hukukosea.

Siku ambayo mchana na usiku vinalingana kweli kwenu ilishapita. Mwezi Machi mchana wa Minneapolis unarefuka kwa zaidi ya dakika tatu kila siku, kwa hiyo ukirudi nyuma siku tatu unaipata, karibu tarehe 17. Tanga mambo ni kinyume. Sisi tuko kusini ya ikweta, mchana wetu Machi unapungua, tena polepole sana, sekunde 17 hivi kwa siku. Nyongeza ya dakika saba inachukua zaidi ya wiki tatu kuliwa, kwa hiyo usawa unafika katikati ya Aprili, wakati ninyi huko mmeshausahau.

Sasa hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri, kwa sababu silaha yako ya kwanza iko hapa. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi moja na kidogo. Hata Juni, mchana wake unapokuwa mfupi kuliko wakati wote, bado una saa 12 na dakika mbili na kitu. Nanyuki, Kisumu na Kampala ziko karibu zaidi na ikweta, huko mchana haushuki hata hapo. Yaani katika miji hiyo hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo mchana na usiku vinalingana. Mchana unashinda siku zote 365. Mahali penyewe ambapo watu wa nje wanadhani ndipo penye usawa wa milele, ndipo usawa usipofika kabisa! Waandikie hilo ubaoni uone nani atacheka.

Kama wanataka swali la kweli kuhusu siku ile, lipo. Siku ya ikwinoksi jua huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, Tanga, Minneapolis, London, popote lilipo jua la kuchomoza. Siku nyingine zote linapinda, mara kaskazini ya mashariki, mara kusini yake. Unaweza kumwonyesha mwanao bila kifaa chochote. Chomeka kijiti wima mahali tambarare penye jua, hata kwenye theluji iliyoshindiliwa, na kila baada ya nusu saa wekeni kijiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Siku nyingine vijiwe hivyo hupanga mstari wa kupinda. Siku ya ikwinoksi, na hata siku moja mbili kabla au baada yake, vinanyooka kama vimepigwa rula, na mstari huo unaelekea magharibi kwa mashariki. Anzeni asubuhi ya saa tatu, mmalize alasiri. Mwache mtoto aweke vijiwe mwenyewe, wewe shika saa.

Tuje kwenye yai.

Yai lilisimama, sikatai. Ninachokataa ni tarehe. Hadithi hii ilitoka China, na huko haikuwa ya Machi. Ni mila ya Lichun, siku inayofungua machipuko katika kalenda ya Wachina, ambayo huangukia karibu tarehe 4 Februari. Mwaka 1945 jarida la Life la Marekani lilichapisha habari kutoka Chongqing, mji mkuu wa China wakati wa vita, kuhusu watu waliokuwa wakisimamisha mayai siku hiyo. Wamarekani wakaipenda. Ila kwao machipuko huanza na ikwinoksi, basi yai nalo likahamishwa wiki sita mbele bila kuulizwa. Tangu miaka ya 1970 msanii Donna Henes alikuwa akiwakusanya watu New York wasimamishe mayai pamoja siku ya ikwinoksi, na kutoka hapo magazeti na televisheni zikamaliza kazi.

Wapimaji hawakukosekana. Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Kijapani aliyejulikana zaidi kwa kuchunguza chembe za theluji, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1947 na kuonyesha kwamba yai husimama siku yoyote. Na mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, hapohapo mlipo, mwanafalaki Frank Ghigo alijaribu mayai kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Aprili. Ikwinoksi ilipita katikati ya majaribio yake bila mayai kuonyesha dalili ya kuijua.

Ukiwaza kidogo utaona haliwezi kuwa vinginevyo. Wanasema siku hiyo mvuto wa jua "unasawazika". Unasawazika vipi, na kwa yai la Minneapolis, wakati jua liko juu ya utosi wa watu wa ikweta? Na mwezi je? Katika kuvuta bahari ikajaa na kupwa, mwezi una nguvu mara mbili ya jua na zaidi, lakini hakuna anayeuliza mwezi uko wapi kabla ya kununua trei.

Kinachosimamisha yai ni ganda lake. Pitisha kidole upande wake mnene: utahisi vinundu vidogo vidogo. Vitatu kati ya hivyo vikigusa meza kwa pamoja, vinakuwa mafiga, na yai linakaa. Kazi yako ni kuvitafuta. Chagua yai bichi lenye ganda la kukwaruza, lile la kuteleza liache. Ulilochagua lishike wima mkononi dakika chache, upande mnene chini, ili vilivyomo ndani vitulie. Kaa kitini, weka viwiko vyote viwili mezani, shika yai kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili na ulizungushe kidogo kidogo huku ukilegeza. Utahisi linakataa, linakataa, halafu ghafla haliegemei tena upande wowote. Hapo ondoa vidole taratibu, na usipumulie meza. Lifanye tarehe yoyote, Mei au Agosti, mbele ya watu walewale. Mayai ni mengi na Machi ni moja, watu hujaribu siku hiyo tu, kisha wanaipa siku sifa ambayo ni ya subira yao.

Angalia pia kama kuna aliyekaa karibu na kichupa cha chumvi. Punje chache chini ya yai, unalisimamisha juu yake, unazipuliza zinazozidi, zinazobaki hazionekani. Ni ujanja wa zamani na sina chuki nao, mradi mtu asitoze kiingilio. Uko ukoo mmoja na ule wa maji kwenye mstari wa ikweta, Nanyuki huko Kenya na Kayabwe huko Uganda: bakuli lenye tundu, maji yanazunguka kulia upande huu, hatua chache ng'ambo ya mstari yanazunguka kushoto, mgeni anapiga picha. Ni kweli mzunguko wa dunia hugeuza vimbunga, lakini kwenye bakuli nguvu hiyo ni ndogo mno. Kinachoamua ni mkono wa anayemimina na upande anaogeukia. Mtazame mkono, usitazame maji.

Mwanao ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko ninyi nyote. Tanga kuna siku kama hii?

Mwambie ipo, ila haijulikani kwa mwanga. Minneapolis mchana mfupi kabisa wa Desemba haufiki saa tisa, na mrefu kabisa wa Juni unapita saa kumi na tano na nusu. Tofauti inakaribia saa saba. Tanga, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hupishana kwa dakika 35 hivi, mtu anaweza kuzeeka asizione. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili inafanya kazi: unaanza kuhesabu jua likitoka, na jua halikuangushi. Ukitaka kuhesabu hivyo Minneapolis mwezi Desemba, saa moja asubuhi inakukuta gizani na funguo za gari mkononi.

Kwetu Machi huja na upepo na mvua. Kaskazi, iliyovuma tangu mwisho wa mwaka, inachoka. Jua lilishapita juu ya utosi wa Tanga karibu tarehe 7 Machi, na mkanda wa mvua unalifuata kwa kuchelewa. Masika yanaingia, yanashika kasi Aprili, na kusi inaanza. Mkulima anatazama mawingu, nahodha anatazama tanga. Siku yenyewe jua linapovuka ikweta haimwambii yeyote kati yao chochote.

Lakini ukanda wetu uliwahi kupokea siku ya machipuko kutoka mbali, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Waajemi huanza mwaka kwa Nowruz, na kalenda ya Iran ya leo imefungwa kwenye ikwinoksi yenyewe ya Machi. Mwaka huo wa jua ulivuka bahari ukafika kwetu ukawa Nairuzi, Siku ya Mwaka, na watu wa pwani wakahesabu kutoka hapo kwa miongo, siku kumi kumi, kujua lini kupanda na lini kusafiri. Shida ni kwamba mwaka uliokuja ulikuwa wa siku 365 kamili, hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu saa sita. Kila miaka minne Nairuzi inarudi nyuma siku moja katika majira, na hakuna aliyeifungia nanga. Karne kwa karne imesogea mpaka leo watu wa Makunduchi, Unguja, wanasherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai. Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba hadi kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba na kutaniana bila haya. Ni ndugu wa siku ya machipuko, aliyepotea kwenye kalenda na kuibukia baridi ya kusi.

Wazungu nao ilikuwa iwapate hayohayo. Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa na siku ya ziada, ila iliongeza kupita kiasi, na kufikia karne ya 16 ikwinoksi ilikuwa imeteleza siku kumi mbali na 21 Machi, tarehe ambayo Kanisa huitumia kukokotoa Pasaka. Papa Gregori XIII akazifuta siku kumi: mwaka 1582, baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba, kesho yake ikaitwa Ijumaa tarehe 15. Aliyezaliwa tarehe 10 hakuwa na sikukuu mwaka huo. Kichekesho hicho unaweza kukipeleka ubaoni pia, pamoja na hiki cha kwenu: Jumapili ya pili ya Machi wanakunyang'anya saa nzima ya usingizi kwa kusogeza saa mbele, kisha siku chache baadaye wanakuuliza kama mchana na usiku viko sawa.

Sasa mafumbo ya kulipizia. Nakupa matatu, la Nairobi tayari unalo.

La kwanza. Mwaka 2024 mtu wa Minneapolis na mtu wa Tanga waliongea kwa simu wakati uleule jua linavuka ikweta. Mmoja akasema machipuko yameanza leo tarehe 19, mwingine akasema leo ni tarehe 20. Nani mwongo? Hakuna. Ikwinoksi ilikuwa saa 9:06 usiku wa kuamkia tarehe 20 kwa saa za Greenwich. Tanga ilikuwa saa 12:06 asubuhi ya tarehe 20, na Minneapolis saa 4:06 usiku wa tarehe 19. Mwaka 2023 ilikuwa hivyohivyo kwa namna nyingine: kwenu alasiri ya tarehe 20, kwetu usiku wa manane umepita, tarehe 21. Ukiwaona wamechangamka, waambie waeleze kwa nini ubao wenu kila mwaka unaandika tarehe 20.

La pili ni gumu zaidi na linahitaji kalenda ya ukutani. Wahesabu siku kuanzia ikwinoksi ya Machi hadi ya Septemba: watapata kama 186. Kisha kuanzia ya Septemba hadi ya Machi inayofuata: kama 179. Jua limekatiza mstari uleule pande zote mbili, siku saba zimekwenda wapi? Wengi watakimbilia Februari na ufupi wake. Wacha wahangaike. Jibu ni kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Julai tuko mbali zaidi na jua na dunia inakwenda polepole, mwanzoni mwa Januari tuko karibu zaidi na inakwenda mbio. Kwa hiyo nusu ya mwaka yenye machipuko na kiangazi chenu ni ndefu kwa wiki nzima kuliko ile ya baridi. Mtu wa Minnesota akilalamika kuhusu majira ya baridi, mwambie angalau alipunguziwa. Na akishangaa kwamba Januari ndipo tulipo karibu na jua, mkumbushe kuwa joto la majira linatokana na dunia kuinama, ukaribu una mchango mdogo.

La tatu ni la nyumbani, walitegue hao wa mayai. Waambie kitendawili, wafundishe kuitikia tega, kisha: nyumba yangu haina mlango. Wasipojua, dai mji, wakupe mji wowote mzuri, Chicago au hata Minneapolis yenyewe, ndipo uwaonyeshe yai lililobaki kwenye trei.

Pointi yako kaidai kwa mdomo mtamu, usiwanyang'anye furaha. Mtu aliyekaa miezi kadhaa anatoka kazini gizani, akaona kila siku inamwongezea dakika tatu za mwanga, ana haki ya kusimamisha yai na kupiga kelele. Sisi wa Tanga hatujawahi kuusubiri mwanga hivyo.

Tarehe 22 Septemba swali hilohilo litarudi ubaoni, maana waandaaji hutumia kadi zilezile. Safari hiyo mchana wenu utakuwa unapungua, na usawa utakuja baada ya ikwinoksi, karibu tarehe 25 au 26. Jibu ni lilelile, si kweli. Piga picha ukurasa wa simu yako mapema.